Mama Rangi Afuma Kipochi

Jina lake halisi lilijulikana benki na hospitali. Kwingine kote, hata kwa mumewe, alikuwa Mama Rangi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupaka nyumba za watu rangi, na hakuna siku aliyorudi nyumbani bila doa sikioni. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ghorofa ya tatu, na alikuwa na pumu.

Dawa yake, ile pampu ndogo ya kuvuta mdomoni, ilikaa ndani ya mkoba mkubwa mweusi pamoja na kila alichomiliki. Mkoba wenyewe aliuweka mbali na rangi mbichi, maana yake ulikaa mbali na yeye.

Siku moja alikuwa juu ya ngazi anapiga msasa dari ya mteja, kifua kikambana. Akashuka kwa shida, akaketi sakafuni. Sauti haikutoka. Akaunyooshea mkoba kidole. Fundi plasta, mwenzake wa kazi wa miaka mingi, akaukimbilia, akatumbukiza mkono, akatoa kitana. Akatumbukiza tena, akatoa kandambili. Mwisho akaupindua mkoba mzima, na pampu ikabingirika hadi chini ya dirisha.

Mama Rangi alivuta dawa, akasubiri, akavuta tena. Pumzi ziliporudi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kitana changu usikikanyage."

Fundi plasta hakucheka. "Mama Rangi, dawa ya kukuokoa unaizika chini ya kandambili? Kweli?"

Neno hilo lilimwingia. Jioni ile akapita dukani kutafuta kipochi cha begani, cha kutosha simu, funguo, miwani na pampu, basi. Akakuta vya shanga, vya minyororo ya kung'aa, na vya plastiki vinavyochubua shingo ukitoka jasho. Akarudi mikono mitupu.

Nyumbani kulikuwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyehamia kwao baada ya kustaafu upishi wa shule. Huyo alikuwa akifuma kroshia tangu usichana wake. Tangu afike, kila kitu kilivishwa kitambaa: meza, makochi, televisheni, hata mtungi wa gesi. Mama Rangi aliwahi kusema, kwa sauti yake ileile, kwamba vitambaa hivyo vinakusanya vumbi na vumbi linamuua. Baada ya hapo wakawa wanasalimiana vizuri mno, na watu wa nyumba moja wakisalimiana vizuri mno, ujue kuna jambo.

"Wifi," alisema Mama Rangi baada ya chakula, "naomba unifumie kipochi kidogo cha begani."

Wifi hakuinua macho. "Hakitakusanya vumbi?"

"Nitakuwa nakifua."

"Basi kifume mwenyewe. Sindano ninazo, uzi ninao, na kukufundisha sikatai. Ila sikufumii."

Mama Rangi alikuwa hapendi kushindwa, akakubali. Wakaketi bega kwa bega kwenye kochi. Tabu ikaanza hapohapo, kwa sababu Mama Rangi hutumia mkono wa kushoto. Kila alichofanya wifi kwa mkono wa kulia, yeye alilazimika kukigeuza kichwani kwanza, na kabla hajamaliza kukigeuza, wifi ameshafika mbali. Uzi ukajisokota ukawa kama kiota cha ndege.

"Mikono inayopaka nyumba nzima inashindwa na uzi?" wifi aliuliza.

"Ukuta hautoroki," alijibu Mama Rangi, jasho likimtoka.

Walikaribia kuacha. Kisha jioni moja wakamkuta mumewe amelala kochi zima, mdomo wazi. Wifi akamtikisa mdogo wake huyo, akamwita, akamfinya, wapi. Akavuta stuli akaketi mbele ya Mama Rangi, magoti kwa magoti, akaanza kufuma. Mama Rangi akatazama. Mkono wa kulia wa wifi ulikuwa upande uleule wa mkono wake wa kushoto, kama mtu anayejiona kwenye kioo. Wifi akiingiza sindano, naye anaingiza. Wifi akikamata uzi kwa kile kikulabu cha nchani na kuuvuta, naye anauvuta.

"Kumbe!" alipiga kelele. Mumewe akakurupuka akiuliza nani amefika.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Alianza na kitako cha duara refu, akapandisha kuta zake kwa kuzunguka na kuzunguka, uzi wa kijivu usioonyesha uchafu. Kwenye mkanda wa begani wifi alimwambia, "Ufanye mfupi, uukaze." Mama Rangi akajipima na kipochi kitupu, akaona mfupi unamkaba, akauongeza.

Akaenda nacho kazini kwa maringo. Asubuhi kilikaa kiunoni. Uzito wa simu na funguo ukafanya kazi yake, mkanda ukavutika, mchana kikawa pajani. Alipoinama kukoroga rangi, kipochi kikatumbukia ndooni chote.

"Leo unapaka simu?" fundi plasta aliuliza, akaegemea ukuta kwa kicheko, na ukuta ulikuwa mbichi.

Simu na pampu zilipona baada ya kufutwa kwa kitambaa na matusi. Mama Rangi alirudi nyumbani amekiinua kipochi kwa vidole viwili, kimegeuka rangi ya maziwa, kigumu kama kiatu. Alijiandaa kuambiwa si nilikwambia. Wifi alikitazama, akamtazama yeye, midomo ikamtetemeka, na wote wawili wakaangua kicheko hadi wifi akavua miwani na kujifuta machozi.

"Leta stuli," alisema wifi. "Tunaanza upya."

Cha pili walikifanya pamoja. Mkanda mwembamba, wa nyuzi mbili zilizofumwa kwa kukaza. Ndani wifi akashonea kitambaa cha suruali kuukuu ili funguo zisichomoze matunduni, na pembeni kijimfuko cha pampu peke yake. Hicho hakikushuka. Mama Rangi alipanda nacho ngazi na kushuka nacho, na baada ya muda akawa hakikumbuki, kama mtu asivyokumbuka saa iliyo mkononi mwake.

Mteja mmoja alikiona, akataka chake. "Mimi ni fundi rangi," alijibu Mama Rangi. "Lakini nina wifi."

Ndivyo wifi alivyoanza kupata oda. Ugomvi haukuisha, ulihamia kwenye rangi: wifi anataka waridi na kijani kibichi pamoja, Mama Rangi anasema macho ya watu yatauma, na mumewe akiulizwa anasema vyote vizuri, jibu ambalo linawaudhi wote wawili.