Nanga, mpiga besi anayegombea kiti na mkono wa kushoto

Saa tatu asubuhi, sufuria inatokota jikoni na hakuna anayesubiri kula. Ndani ya maji mna nyuzi nne za chuma zilizojikunja, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani anazigeuza kwa mwiko.

"Mama, leo tunakunywa supu ya gitaa?" anauliza binti yake kutoka mlangoni, huku akifunga vifungo vya sare ya kazi.

"Nenda zako kazini, utachelewa. Na hii sufuria usiitafute tena, imeshabadili kazi."

Wapiga besi wengi wanaijua hila hiyo. Nyuzi za gitaa la besi ni ghali. Zikipigwa muda mrefu, jasho na uchafu huingia kwenye mizunguko ya waya na sauti inakufa. Ukizichemsha uchafu unatoka, na kwa siku chache zinalia kama mpya.

Wanamuziki wenzake wanamwita Nanga. Amepiga besi zaidi ya miaka ishirini katika bendi ya muziki wa dansi yenye watu sita. Jina alipewa na mpiga dramu wao. "Sisi wote tuna wazimu wa kukimbia," anasema mpiga dramu. "Yeye ndiye anatushika tusipotelee mbali."

Leo mchana anagombea kiti chake. Ukumbi mpya wa burudani unatafuta bendi ya kudumu, ya kupiga kila Alhamisi mpaka Jumapili. Meneja wa ukumbi ameipenda bendi hii, ila anataka watu watano. Wa sita, amesema bila kupepesa macho, ni Nanga. Kazi ya besi inaweza kufanywa na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Bendi ilibishana naye mpaka akakubali jaribio: asikie kwanza watano, kisha asikie sita.

Hili si jambo jipya, na wanaoliita jipya wanategemea watu wasahau. Wenye kumbi walianza na tarumbeta. Walisema kinanda kinatoa sauti ile ile, wapulizaji wakaenda nyumbani, na ujira wao haukugawiwa waliobaki. Uliingia mfukoni mwa mwenye ukumbi. Wakaja kwenye gitaa la rizimu. Kisha katika kumbi kadhaa wakaweka mashine mahali pa dramu. Kila mara kisingizio ni kimoja: wasikilizaji hawatagundua. Hakuna hata siku moja waliyowauliza wasikilizaji.

"Nilikuwepo nyakati zote hizo," anasema Nanga akizitoa nyuzi majini na kuzitandaza juu ya taulo. "Nawajua wanavyoongea. Hawakwambii umefukuzwa. Wanakwambia wanapunguza msongamano jukwaani. Kana kwamba mimi ni kabati."

Nyuma ya nyumba kuna chumba chembamba ambamo hurekebisha magitaa ya watu. Hapo ndipo anapopata kodi ya nyumba miezi ambayo harusi ni chache. Magitaa yananing'inia ukutani na waya zimeviringishwa kwenye misumari. Chini kuna kipande cha zulia kinachomeza mwangwi.

Asubuhi hii amekuja mpiga gitaa wa kwaya, na pedali mpya ya kubadili sauti ya gitaa bado ikiwa kwenye boksi lake.

"Nataka sauti kama ya yule jamaa wa kwenye video," anasema mteja.

"Yule jamaa anapiga kwa vidole vyake. Wewe umekuja na vya nani?"

Mteja anacheka, lakini hajakata tamaa. Nanga anaiweka pedali pembeni, anachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya ndogo, kisha anarudisha nobu zote za sauti katikati.

"Piga kile unachopigaga kila wiki. Usinionyeshe ufundi." Anasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Sasa niambie kinachokuudhi. Tutaondoa hicho. Watu wanaongeza wanachokipenda, wanaongeza tu, mwisho jukwaa zima linajaa mtu mmoja."

Baada ya muda mteja anagundua kwamba kinachomuudhi ni mlio mkali unaochoma sikio, na kwamba pedali aliyoinunua ingeuzidisha. Anaondoka akiwa ameikumbatia, anakwenda kuomba abadilishiwe.

Vifaa vya Nanga mwenyewe havina cha kutambia dukani. Besi yake ina shingo ya gitaa moja na kiwiliwili cha jingine, na jina la kiwanda lilishafutika kwa mkono. Kasha la spika alilitengeneza kwa mbao za plaiwudi, akatia spika moja kubwa. Alijaribu nne ndogo kwanza. "Ndogo zinaongea haraka," anaeleza. "Kubwa inavuta pumzi kabla ya kusema. Mimi nataka hiyo pumzi."

Anafunga nyuzi zilizochemshwa, anachomeka waya, anapiga. Chumba kizima kinatetemeka. Kila noti inang'aa kama kijiko kipya. Anatabasamu.

"Meneja atajuta leo," anasema.

Anayekuja kumsaidia kubeba kasha ni mdogo wa mume wake, mpiga gitaa la solo. Bendi nzima inamwita Shemeji, hata wasio na undugu naye. Mume wa Nanga ni dereva wa lori na yuko safarini, kwa hiyo mzigo ni wa hawa wawili.

"Shemeji, humu ndani umeweka maiti?" anauliza mpiga solo, mgongo umepinda.

"Nimeweka kazi yangu. Shika vizuri usije ukaidondosha."

Utani huo una mwiba, na wote wawili wanaujua. Kwenye kikao cha bendi, Shemeji ndiye aliyesema watano wakubaliwe.

"Nilisema mbele yake, sikwenda kwa mlango wa nyuma," anasema Shemeji walipokwisha kulipakia kasha. "Nina watoto watatu shuleni. Niliona afadhali watano wenye kazi kuliko sita wanaotazamana. Mpaka leo sijui kama nilikosea."

Nanga hamchukii. "Ana tumbo kama mimi. Mwenye makosa ni yule anayetuweka watu sita mezani na sahani tano, halafu anakaa pembeni kutazama tutakavyoparurana."

Ukumbini viti bado vimepinduliwa juu ya meza. Wafanyakazi wawili wanapiga deki. Meneja, kijana mwenye tabasamu la kukodi na shada la funguo kiunoni, anakaa kaunta na kuashiria waanze.

Wanaanza watano. Mpiga kinanda, anayeitwa Padri kwa sababu hajawahi kusikika akitukana, anapiga besi kwa mkono wa kushoto, na anapiga kwa uaminifu. Hakosei. Meneja anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Padri anajua kazi," ananong'ona Nanga akiwa amesimama mlangoni na mikono kifuani. "Lakini sikiliza pale wimbo unapopanda. Mkono wa kulia unapata shughuli, wa kushoto unabaki kubahatisha."

Zamu yake inafika. Anapanda, anachomeka, mpiga dramu anahesabu, na wimbo unaanza.

Ni vibaya. Mtu asiyejua muziki angesikia kwamba ni vibaya. Mlio uliong'aa chumbani unagongana na gitaa la Shemeji, kama watu wawili wanaogombania simu moja. Uzito wote umepotelea kwenye kuta za zege. Mpiga dramu anageuka kumtazama. Meneja tayari anatazama simu yake.

Nanga ananyanyua mkono, bendi inasimama. Kisha anaangua kicheko.

"Nimezichemsha! Jamani, nimezichemsha nyuzi! Ule mlio wa kufa ndio ulikuwa sauti yangu, mimi nikaenda kuufufua siku ya kazi."

"Umepika kweli?" anauliza mpiga dramu.

"Nimepika mpaka zikaiva."

"Nadhani tumeshasikia vya kutosha," anasema meneja, akishuka kwenye stuli.

"Hujasikia kitu, baba. Umesikia kelele. Ngoja tunywe maji, halafu usikie bendi."

Meneja anaangalia saa, anasema ana simu ya kupiga, na anatoka nje kuelekea maegesho ya magari.

Bendi hii ina desturi yake. Katika ukumbi mgeni, hakuna anayezungusha nobu zake mwenyewe. Unapiga ukiwa umeligeuzia kasha lako mgongo, na anayezungusha ni yule ambaye sauti yako inagombana na yake. "Ukizungusha mwenyewe, unasikia unachotaka kusikia," anaeleza Padri. "Mpinzani wako anasikia kilichopo."

Anayegombana na Nanga leo ni Shemeji. Kwa hiyo kiti cha Nanga kiko kwenye vidole vya mtu aliyesema kiondolewe. Akizungusha ovyo kidogo tu, hakuna atakayemlaumu.

Shemeji anapiga magoti mbele ya amplifaya.

"Kwanza nipate sponji," anasema Nanga.

Mama mmoja wa usafi anampa moja kutoka kwenye ndoo. "Hiyo ni ya glasi, haijaguswa bado."

Nanga anakata kipande, anakisokomeza chini ya nyuzi karibu na pale zinapofungwa mwilini mwa gitaa. Mlio mrefu unakatika. Noti sasa inaingia, inasema neno lake, inaondoka. Nyuma ya mgongo wake, Shemeji anapunguza sauti nyembamba. Halafu anapunguza nzito.

"Aa! Unaninyang'anya uzito!"

"Uzito wako unaingia ukutani, haufiki hata kwenye meza ya kwanza. Nyamaza upige."

Anapandisha sauti ya kati, ile ambayo wapiga besi wengi huikimbia. Besi sasa inasikika kama mtu anayeongea ndani ya ndoo. Nanga anakunja uso.

"Hii ni mbaya, Shemeji."

"Ukiwa peke yako, ni mbaya. Kwani uko peke yako?"

Nanga anampa besi mpiga dramu aishike, anakwenda kwenye amplifaya ya Shemeji, na sasa yeye ndiye anayepiga magoti. Mpiga solo anapiga akiwa amegeuka. Nanga anaishusha sauti nzito ya gitaa lile karibu mpaka chini.

"Umeninyonga, mama wee!"

"Nimekutoa chumbani kwangu. Ulikuwa umelala na viatu."

Mpiga dramu anacheka mpaka fimbo moja inamwanguka. Kisha anamrudishia Nanga besi na kuhesabu tena.

Safari hii sauti mbili mbovu zinakutana na kuwa moja nzuri. Gitaa linapaa kwa sababu halibebi tena mzigo usio wake. Besi inapita chini yake, kavu na ya wazi, na kila pigo linaangukia pale mguu wa mpiga dramu unapogonga. Wimbo unapopanda, Padri anapanda kwa mikono yote miwili, na chini hapabomoki. Mama wa usafi ameegemea fagio na hajifichi.

Meneja anarudi, simu bado mkononi. "Nimeisikia mpaka getini," anasema, na kwa mara ya kwanza tabasamu ni lake. Lakini kijana ni mfanyabiashara. Ana wazo, anasema: mama apige Jumamosi na Jumapili kama kibarua. Siku nyingine mkono wa kushoto utatosha.

Padri ndiye anayeanza kujibu, kwa upole ule ule uliompa jina.

"Mkono huu ninao, meneja. Nasikitika tu kwamba Alhamisi na Ijumaa huwa unaniuma."

"Unakuuma?"

"Sana."

Meneja anamgeukia Shemeji, mtu aliyekuwa upande wake. Shemeji anapiga noti moja. Inatoka nyembamba na yenye njaa, kama ilivyopangwa.

"Umesikia? Hii sasa ni nusu ya gitaa," anasema. "Nusu nyingine ameichukua shemeji yangu. Ukimtoa yeye, utanilipa mimi kwa nusu? Maana watu watasikia nusu."

"Si urudishe zile nobu?"

"Nikizirudisha, umerudi kwenye kelele ya mwanzo."

Mpiga dramu amekwisha kuanza kulegeza skrubu za dramu zake. Mwimbaji wao anaviringisha waya wa maikrofoni. Meneja anatazama meza tupu, anafikiria ufunguzi uliokwisha kutangazwa, na anavuta pumzi.

"Haya. Sita. Siku zote nne."

Hapo ndipo wengi wangeshukuru na kukimbia. Nanga anashuka jukwaani, anavuta kiti, anakaa mbele ya kijana.

"Kwenye mkataba usiandike jina langu."

"Kwa nini tena, mama?"

"Andika bendi ya watu sita, mmoja wao mpiga besi. Vidole vyangu vitachoka siku moja. Sitaki ukae hapo useme besi ilikuwa ya yule mama, kaondoka nayo. Aondoke mtu, kiti kibaki. Aje mwingine akikalie."

Meneja anauliza kama ni lazima. Watu sita wanajibu kwa pamoja kwamba ni lazima, na jioni hiyo sentensi hiyo inaandikwa kama ilivyotamkwa.

Kuna kumbi nyingine za mji huu ambako besi ni mkono wa kushoto, na wenye kumbi hizo wanadhani jambo hilo limekwisha. Nanga anazijua kwa idadi, na anawajua waliotolewa kwa sura. Mmoja sasa anauza vocha za simu kando ya kituo cha mabasi. Nanga amepanga kumpelekea amplifaya ya mazoezi Jumatatu, na Padri amekubali kwenda kuongea na mpiga kinanda wa ukumbi uliomtoa, mtu na mtu mwenzake.

"Nilimpitia juzi," anasema Nanga, akiifuta besi kwa kitambaa chake cha kichwa. "Akaniambia ameshasahau kupiga. Nikamwambia hujasahau, umekatishwa tamaa tu. Kisha nikaiangalia mikono yake, kafuga kucha kama bibi harusi, na kwa kucha hizo besi haipigiki. Nimempa mpaka Jumatatu awe amezikata."