Samaki wa Ukutani

Nilipokuwa mtoto, pale Hasamba, nililala chumba kimoja na Mama Mdogo Anyesi, mke wa baba yangu mdogo, kwani mumewe alifanya kazi Tunduma na kurudi mara chache. Ukutani, juu ya kitanda chetu, Bibi alikuwa amechora samaki kwa udongo mweupe. Anyesi alikuwa ameolewa kitambo, hajapata mtoto. Bibi aliamini kwamba mwanamke wa namna hiyo hulala chini ya samaki, wala havuki ua mpaka amwote. Akivuka kabla, tumbo lake limefungwa.

Kila asubuhi Bibi alisimama mlangoni. "Umeota?"

"Bado, mama."

Mahindi yalivunwa, kahawa ikaiva, Anyesi akiyatazama yote kutoka uani. Jumapili moja nilimsimulia kuhusu samaki aliyedariziwa kwenye kitambaa cha madhabahu. Mchungaji alituambia ni alama ya waliookolewa.

Anyesi akatazama ukutani. "Basi huyu wa kwetu ni mwingine."

Kisha habari ikaja kwamba mama yake mzazi, kule Nanyala, yu mahututi. Anyesi akampigia Bibi magoti.

"Mama, niruhusu nikamwone tu."

"Hujaota, mwanangu." Bibi mwenyewe alikuwa analia. "Nikuache ujiharibie?"

Alfajiri niliamka nikamkuta ameketi vilevile nilivyomwacha usingizi uliponichukua, miguu sakafuni, upande wake wa kitanda haujaguswa. Bibi akaja na swali lake.

"Nimeota, mama. Samaki mkubwa. Ameniruka mapajani."

Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Anyesi akanitazama mara moja. Nikainuka kukunja shuka. Jua lilipochomoza alikwisha kufika barabara kuu.

Alimkuta mama yake hai. Na mwaka uliofuata akajifungua mtoto wa kiume. Tangu hapo nani angembishia Bibi? Kila mke aliyechelewa kuzaa katika ukoo wetu alichorewa samaki, akafungiwa uani.

Nami nilipoolewa, mimba ikachelewa. Bibi alikwisha kufariki. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amesikia sifa za samaki wa kwetu, alimwita Anyesi, naye akaja na udongo.

"Hata wewe, Mama Mdogo?"

Alichora taratibu, mapezi, magamba, jicho. Alipomaliza akaniinamia sikioni.

"Ukichoka, ota."

Siku ile nilimkasirikia. Sasa nimeelewa kwamba hakuwa na uwezo wa kuniondolea yule samaki. Alikuja kumchora yeye mwenyewe, asije akaitwa mwingine ambaye asingeniambia neno lile.