Bonde Lililopumzika

Anania wa Kifanya alikuwa mtu wa miguu. Wenzake wakitoka kanisani Jumapili walikwenda kujinyoosha. Yeye alitafuta mgeni wa kumtembeza. Mwalimu mpya, mchuuzi aliyeletwa na lori la Makambako, hata mkwe wa jirani, wote aliwapitisha mgongoni mwa kilima akawaonyesha maporomoko, mahali penye matunda ya masuku, na jiwe moja linalotunza joto la jua hata katika baridi ya Julai. Mkewe, Hulda, alimtania kwamba angezaliwa mbuzi, angefungwa kengele.

Basi, baada ya vita ya Hitla, Mzungu mmoja wa kampuni ya miti ya miwati alipohamia Njombe akauliza nani wa kumtembeza milimani, jina likawa moja tu. Aliyelitaja ni Kefa, mkalimani wake. Kefa na Anania walipata kipaimara siku moja, na siku hiyo walikuwa na shati moja jeupe kati yao: Anania alipotoka madhabahuni alilivua nyuma ya kanisa, Kefa akalivaa likiwa bado na joto la mwenzake.

Mzungu huyo watu walimwita Bwana Fimbo, si kwa kumchapa mtu, ila kwa fimbo aliyotembelea. Haki yake nitampa, alikuwa mpole. Aliinamia kila ua, akauliza linaitwaje, akalitamka vibaya, akacheka mwenyewe. Anania alimpenda. Jumamosi zikawa tamu: watatu hao walitoka ukungu ukiwa bado bondeni na kurudi jua likiwa limeegemea, viatu vimelowa, matumbo yana viazi vya kuchoma.

Siku moja ya masika wakashuka katika bonde la Anania. Nyumba yake ilikula hapo. Palikuwa na vinyungu, matuta ya unyevu yanayolimwa kiangazi, mashamba ya juu yakiwa yamekauka. Masika bonde huachwa lipumzike, na siku hiyo nyasi zilifika kiunoni.

"Pazuri sana," Bwana Fimbo akasema kupitia kinywa cha Kefa. "Hapa ni pa nani?"

Sasa, kwa wazee waliomlea Anania, kumwambia mgeni "hapa ni pangu" ilikuwa sawasawa na kumfungia mlango usoni. Mwenye shamba hujishusha, akasema ni pa Mungu. Mgeni naye hujibu, "Basi Mungu awaachie ninyi," na shamba linarudi kwa mwenyewe, hakuna aliyeonekana mchoyo. Kila mtoto wa kilima kile aliyajua hayo kabla hajajua kufunga mbuzi.

"Pa Mungu tu, Bwana," Anania akasema. "Pamepumzika. Karibu."

Kefa akatafsiri neno kwa neno, kisha akanyamaza. Anania alisubiri Kefa amdokeze mgeni lile jibu. Halikuja. Akadhani mji umeshamlevya mwenzake hata amesahau adabu ya kwao, akacheka moyoni, wakaendelea na matembezi.

Masika hayajaisha, vigingi vikapigwa bondeni. Ingepandwa miwati, miti inayochunwa magome ya kusindikia ngozi za viatu. Anania akaenda barazani kudai bonde lake, bila hofu, maana shahidi alikuwa naye. Bwana Fimbo akasimama, akaeleza bila chuki kwamba Anania mwenyewe alimwambia bonde halina mtu. Msikilizaji wa shauri hilo alikuwa mgeni wa nchi, akamgeukia mkalimani.

"Kefa, ndugu yangu," Anania akasema, "waeleze jinsi tunavyojibu kwetu."

Kefa alitazama viatu vyake. Vilikuwa vipya.

"Alisema ni pa Mungu," akajibu. "Mimi nilitafsiri tu."

Kila neno lilikuwa kweli, na lote kwa pamoja lilikuwa uongo. Kabla miche haijashika mizizi, Kefa alikuwa mnyapara wa miwati. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe lilikuwa lile shati la kipaimara.

Hulda akaanza kuomba mboga kwa dada yake. Anania akaacha kutembeza wageni. Mtu akimwuliza njia, alimnyooshea kidole akiwa ameketi. Bonde lilimwuma, lakini kilichomkosesha usingizi ni ule ukimya wa Kefa kwenye nyasi, ambao yeye aliucheka.

Miwati ilipokuwa imempita mtu kimo, mama yake Anania akafariki. Kefa akaja kuhani, kofia mkononi.

"Kamwene, kaka," akasalimu kwa lugha ya kwao. "Pole."

"Nimeshapoa."

Akala kilicholetwa, akaaga. Mgeni wa msiba hasindikizwi na mtoto. Mwenye nyumba huinuka mwenyewe. Anania akainuka. Hulda aliwatazama wakitoka. Wakashuka wawili hao kwa njia ileile ya Jumamosi, mpaka kijito ambapo miwati inaanza.

Anania akasimama. Akanyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Pazuri," akasema. "Hapa ni pa nani?"

Kefa hakufikiri. Kinywa kilijibu kama kilivyofundishwa na mama yake.

"Pa Mungu tu, kaka. Kari..." Neno likamkwama.

"Basi Mungu awaachie ninyi," Anania akamjibu, kama mtu mwenye adabu anavyotakiwa kujibu. Kisha akageuka, akapanda nyumbani kwa Hulda, akamwacha Kefa kijitoni na kofia yake mkononi.