Kahawa Iliyouzwa Ikiwa Ua

Nimeuza vitenge Kashai kwa miaka mingi, na sikuwahi kumpenda mteja anayeomba apunguziwe. Anashika kitambaa, anakinusa, anasema rangi itachuja, kisha anataja bei ya kunitukana. Wengine nilikuwa nawaambia waende wakavae magunia. Kwa hiyo siku nilipokwenda mwenyewe kuomba nipunguziwe, tena si bei ya kitenge bali deni, nilijua ninavyoonekana.

Deni lilianza kwa heshima zote. Nilikopa kwenye taasisi moja ya mikopo pale mjini ili nijaze duka. Mimi na mume wangu tulikuwa tunaishi nyumba ya kupanga, hatukuwa na cha kuweka dhamana, hivyo mama yangu aliyeko kijijini Buganguzi akaweka kibanja alichoachiwa na baba. Kibanja ni migomba, kahawa na nyumba, na kwetu ni makaburi pia. Baba amelala pale nyuma ya jiko, na mdogo wangu pembeni yake. Mama alitia dole gumba bila hata kuuliza riba ni kiasi gani.

Haukupita muda mume wangu akaanguka bafuni. Kiharusi. Fedha za mzigo mpya zikaenda hospitali, zikafuata za duka lenyewe, mwisho nikanunua jeneza. Wanasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi matanga yalitangulia, kulipa kukafuata. Marejesho yalisimama, adhabu za kuchelewa zikaanza kuzaliana, na deni likakaribia mara mbili ya nilichokopa. Afisa mikopo akanipigia simu: nisipolipa, wanakwenda Buganguzi kukipiga kibanja mnada. Nililia siku ile kuliko nilivyolia kwenye msiba, na sioni haya kulisema.

Jirani yangu wa dukani ndiye aliyeniambia kwamba watu hawa hupunguza ukilipa kwa mkupuo. Nikaenda na cheti cha kifo mkononi. Afisa alikuwa kijana mpole, mgeni wa huku, aliyehamishwa kutoka Pwani. Nilitaja bei ya chini kabisa, kama wateja wangu wanavyofanya. Akatabasamu, akasema dawa ya deni ni kulipa, akakubali kufuta sehemu ndogo tu ya adhabu. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Mara ya pili mama aling'ang'ania tuongozane. "Aliyetia dole ni mimi," alisema. Akavaa gauni lake la kanisani, tukaingia ofisini, na kabla sijavuta kiti mama akapiga magoti.

Mama ni mwanamke wa zamani. Kwake mtu wa heshima husalimiwa kwa magoti, awe padri au mkubwa wa ofisi, hata akiwa na umri wa wajukuu zake. Na ukishapiga magoti huinuki mpaka uitikiwe. "Mwaisuka waitu," alisema, akasubiri.

Yule kijana aliruka kwenye kiti kama aliyekalia siafu. "Bibi! Bibi, inuka, tafadhali, usinifanyie hivi! Na mimi nina bibi yangu nyumbani." Alidhani anaombwa huruma. Kadiri alivyomsihi ainuke, ndivyo mama alivyozidi kutulia pale sakafuni, maana salamu yake ilikuwa haijaitikiwa.

"Mwambie aitikie," mama aliniambia kwa Kihaya. "Goti linaniuma."

"Anasemaje?" kijana aliuliza, machozi yameshaanza kumlengalenga.

"Anasema goti linamuuma," nikamjibu. Wala sikuongeza neno.

Alitoka mbio kwa meneja wake. Aliporudi mama alikuwa bado chini, na mimi nimesimama kama mlingoti. Wamekubali, alisema. Riba iliyobaki na adhabu zote zinafutwa, tulipe nusu ya deni lote kwa mkupuo ndani ya mwezi mmoja. Ukipita, makubaliano yamekufa na kibanja kinauzwa. Akamshika mama mkono, akamwinua mwenyewe.

Nje mama alikuwa na hasira. "Mtoto yule hakufundishwa kusalimia watu?" Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu mume wangu afariki, na nilipokoma kucheka moyo ulikuwa mzito kuliko mwanzo.

Nusu ya deni bado ni deni. Niliuza vitenge vilivyobaki kwa bei ya kutupa, nikauza cherehani, nikauza hata kabati. Hazikutosha. Nilipompigia mama kumwambia, alinijibu kwa ufupi kwamba zilizopungua nimwachie yeye. Baada ya siku chache akaja Kashai, fedha amezifunga kwenye pindo la khanga. Za jumuiya yake ya kanisani, alisema, wamenichangia. Nilizipokea nikiwashukuru wanajumuiya wote, tukaenda kulipa, na tukapewa barua ya kufunga deni. Kibanja kilikuwa kimepona.

Msimu wa kuchuma ulipofika nilikwenda Buganguzi kumsaidia. Nilikuta watu nisiowajua wamejaa kwenye kahawa yetu, turubai zimetandikwa uani, na mwanamume mmoja amekaa kwenye kigoda chetu akiandika ndoo. Mama alikuwa katikati ya wachumaji, ndoo kiunoni.

Nilielewa kabla hajafungua mdomo. Alikuwa ameuza butura. Huku kwetu ndivyo tunavyoita kuuza kahawa ikiwa bado ua. Mwenye shida anapewa fedha leo kwa bei anayoitaka mnunuzi, na mavuno yakija si yake. Baba alikuwa akisema auzaye butura anauza mtoto aliye tumboni. Mama alikuwa ameuza misimu miwili, na mwaka ule bei ilikuwa imepanda, majirani walikuwa wanaezeka mabati mapya.

Nilimvaa yule mwanamume. Nilimwita mwizi mbele ya vibarua wake. Hakukasirika. "Dada, tulipatana," alisema. "Mwenye shida alikuja mwenyewe, sikumlazimisha."

"Na sasa unamchumisha mahali pake mwenyewe?"

"Aliomba kibarua. Nimkatalie?"

Mama alikuja akanishika mkono. Vidole vyake vilinata utomvu. "Nyamaza, mwana wange," alininong'oneza. "Utanifukuzisha kazi."

Nilitafuta ndoo tupu, nikasimama kwenye mti wa pili kutoka wake, nikachuma. Yule mwanamume aliniangalia kidogo, kisha akaniandika na mimi. Tulichuma mpaka jua lilipopoa, mama akinionya nisivunje matawi, kwamba mwaka wa tatu yatakuwa yetu tena.

Jioni tulipanga mstari na wenzetu, tukalipwa kwa ndoo. Mama alihesabu zake, akatoa zangu kiganjani mwangu akazichanganya na zake, kisha akanirudishia zote.

"Nauli," alisema.

"Mama, nauli ninayo."

"Huna."

Sikuwa nayo. Nikazipokea.