Rula ya Serikali

Karani wa zahanati yetu, karibu na Uyole, huikumbatia rula yake ya mbao kama mwana wa pekee, wala haruhusu mtu aiguse. Helena alipomleta bintiye Mbuke, aliyeanguka kutoka kwenye mkokoteni, alisema, "Ameteguka tu, ndugu karani, nimkande." Karani alimnyooshea mtoto punje ya karanga, Mbuke akaipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umelala mapajani. "Mama, usikande!" karani akamwambia Helena. "Mkono umevunjika." Vibao vya kufungia mifupa tumeviomba wilayani tangu 1974, na kila mara tunaletewa mabango ya usafi. Karani akaitazama rula, akahema, kisha akaufunga mkono juu yake kwa bandeji, polepole, asimuumize. "Hiyo ni mali ya serikali," alimwonya mtoto. Gari la wagonjwa la kumpeleka hospitali linasubiri matairi, kwa hiyo kila asubuhi Mbuke huketi mezani pa karani, ncha ya rula ikichomoza mbele ya vidole, naye karani hupiga mistari ya daftari la wagonjwa kwa ncha hiyo akisogeza daftari, kamwe si mkono. "Tulia, binti. Mstari ukipinda, wilaya watauliza." Juzi mkaguzi alikuja, akaisifu mistari, akaandika kwamba zahanati haina upungufu wowote.