Bibi kwenye Mkanda

Nilipoanza kazi ya kupima moyo, kosa langu lilikuwa kuwauliza wazee hali. Mgonjwa hutembea juu ya mkanda wa mashine huku moyo ukichorwa kwenye kioo. Daktari husimama kando. Kumuuliza mgonjwa kama anaumia ni kazi yangu. Kusoma ile michoro nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na mpaka leo sijiamini. Kila waya ninaoubandika kifuani mwa mgonjwa naugusa tena na tena.

Usiku ule wa kuamkia kipimo cha Babu Salehe, nilipitiwa na usingizi nikiwaza: je, nikimchosha kupita kiasi? Akaja Bibi Mwanaidi, dada yake, aliyenilea. Moyo ndio uliomwondoa duniani.

Alikuwa juu ya mkanda, peku, kanga kifuani, nyaya zikining'inia.

"Mume wangu, huu mkanda unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, Bibi."

"Basi mnawachosha wazee wa watu bure."

Nikacheka. Mkanda ukainuka, na sasa ni kile kilima cha nyuma ya nyumba, Bibi anapanda na ndoo kichwani, nami namfuata nikiwa na kioo changu mkononi. Mchoro unashuka. Midomo yake imekauka.

"Hujambo, Bibi?"

"Sijambo, mume wangu."

Anapanda. Mchoro unazidi kushuka.

"Bibi, hujambo kweli?"

"Sijambo, alhamdulillah."

Natafuta kitufe cha kusimamisha, lakini kilima hakina kitufe. Namshika mkono. Anasimama, anahema.

"Mbona unasema hujambo?"

"Umeniamkia, nikaitikia. Ulitaka niitikie salamu kwa malalamiko?"

Akautua mkono wangu chini ya taya lake. Palikuwa pamekaza kama kamba.

"Hapa hukuwahi kuniuliza," akasema, bila lawama, kama anayenionyesha mahali chumvi ilipo. "Na Salehe tumelelewa nyumba moja."

Nikaamka, kiganja bado kina joto.

Asubuhi, mkanda ulipoinuka na Babu Salehe akaanza kupanda, sikumuuliza hali. Nilisema, "Babu, niwekee mkono panapobana."

Akanitazama kidogo, kama mtu aliyefumaniwa. Kisha akashika mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. Maumivu ya moyo hujitokeza hata huko; nikamwambia daktari, mashine ikasimamishwa. Sasa yuko kwenye dawa, na analalamika kuwa ni chungu.

Tangu siku ile, salamu na wazee tunazimaliza mlangoni, kabla mkanda haujaanza kwenda.