Zamu ya Kulinda

Juzijuzi jioni niliunguza mahindi. Nilikuwa nimetoka kazini, miguu inawaka moto, nikayaweka kikaangoni nipate ya kusagisha unga wa uji wa baba. Nikakaa kwenye kigoda nipumzishe mgongo kidogo tu, usingizi ukanipitia. Harufu ndiyo iliyoniamsha. Punje zilikuwa nyeusi tii upande mmoja, upande wa pili bado nyeupe, na badala ya kukasirika nikajikuta nimeokota kiganja kizima na kuzitikisatikisa mkononi. Hapohapo nikawa nipo kwenye sakafu ya nyumba yetu ya Pito, nje kidogo ya Sumbawanga, nina miaka tisa, mvua ya Ufipa inapiga bati, na mbele yangu kuna jitu ambalo lazima nilimalize kabla hatujaitwa kula.

Mchezo huo aliuleta kaka yangu Deo kutoka shule ya bweni. Huko kulikuwa na mwalimu kijana wa kujitolea, mgeni, aliyekuja na kitabu kinene cha kanuni na kete za ajabu zenye pande nyingi, na Jumapili baada ya misa aliwakusanya wavulana wakacheza. Hakukuwa na ubao. Mmoja anasimulia: mmefika mlango wa pango, ndani kuna kitu kinakoroma, mnafanyaje? Kila mchezaji ana mpiganaji wake, anasema mpiganaji huyo anafanya nini, na kete zinaamua kama amefaulu. Deo alirudi likizo ya Desemba bila kitabu na bila kete. Kanuni za mapigano alikuwa nazo kichwani, na zile alizozisahau alizitunga mwenyewe, uso mkavu kabisa.

Badala ya kete tulitumia mahindi. Unaunguza punje upande mmoja kwenye kaa la moto, unazitia kwenye kikombe cha bati, unatikisa, unazimwaga sakafuni. Punje iliyolala weusi juu ni pigo. Deo naye anamwaga za adui, na aliyepata weusi mwingi ndiye aliyepiga. Kila mpiganaji ana maharage yake, na aliyepigwa ananyang'anywa kwa kadiri alivyozidiwa. Maharage hayo tuliyaita pumzi, na yakikuishia umekufa, na maiti haruhusiwi kuongea. Kanuni hiyo ilimtesa sana Ozwald, mtoto wa jirani, ambaye kila alipokufa ndipo maoni yalipomzidi.

Tulicheza sebuleni, karibu na mlango wa chumba cha mama, na mlango wenyewe tuliuacha wazi ili naye asikie. Mama alikuwa kitandani tangu Oktoba. Aliteleza mashineni, alikokwenda kusaga ulezi, akavunjika paja, na hospitali walimfunga plasta kuanzia kiunoni wakamrudisha nyumbani kulala chali. Mama mdogo alipanda kutoka Kasanga na kapu la migebuka, samaki wa ziwani, akakaa siku chache, akarudi kwenye biashara yake. Ndipo dada yetu mkubwa, Skola, akaitwa kutoka shuleni Mbeya. Hakuna aliyesema Deo ndiye aitwe. Deo alikuwa mvulana, na mvulana hamgeuzi mama yake kitandani.

Skola alikuwa anaingia kidato cha nne. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia baba bila kuzunguka: shule ikifunguliwa Januari binti hayupo, nafasi yake anapewa mwingine, maana walioomba ni wengi. Wote pale nyumbani tulilijua hilo. Tulilijua jinsi unavyojua kwamba bati la jikoni linavuja; unasogeza sufuria, unaendelea na mambo yako. Mama alikuwa bado hawezi hata kukaa mwenyewe, na Januari ilikuwa inakuja.

Sasa nikueleze kanuni iliyoleta mambo yote. Katika mchezo wa yule mwalimu, Deo alisema, mpiganaji aliyejeruhiwa huponywa na mganga wa kundi kwa maneno ya uchawi. Sauti ya mama ikatoka chumbani kabla Deo hajamaliza.

"Uchawi gani? Deo! Sumbawanga hii hii? Watu huko nje wanatusema usiku na mchana, halafu mimi nilee waganga sebuleni?"

Aliyewahi kusafiri nje ya mkoa wetu anajua mama alikuwa anaongelea nini. Ukitaja unakotoka, watu wanasogea kidogo kwenye kiti, wanacheka, wanakuuliza kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Basi uchawi ulifutwa. Deo akajaribu kupenyeza sala mahali pake, mpiganaji aombewe apone, mama akasema sala si mahindi ya kutikisa kikombeni. Tukabaki na wapiganaji wasioweza kuponywa na kitu chochote cha mbinguni wala cha duniani, na baada ya siku mbili tatu wote tukawa tunakufa kwenye pambano la kwanza.

Deo akakaa akawaza, akatunga kanuni yake. Kila ukimaliza pambano, unatoa punje moja kikombeni mwako, kwa kuwa umechoka. Punje na pumzi zinarudi kwa kupumzika tu. Lakini kwenye nchi ya maadui huwezi kulala hivihivi, lazima mwenzako mmoja akulinde, na anayelinda hapigani. Anapoteza zamu yake. Anakaa na kikombe chake mkononi, wengine wanaendelea.

Unaweza kukisia ni nani aliyekuwa analinda. Mimi nilikuwa na mpiganaji niliyemwita Chuma, Ozwald alikuwa na wake mwenye jina refu ambalo yeye mwenyewe alilisahau kila siku, na sote wawili tulitaka damu. Skola alipoambiwa achague jina alisema, "Mimi ni mimi tu." Alicheza akiingia na kutoka, mikono ina unga au ina povu. Mama akiita, anaondoka, akirudi anauliza nani amechoka. Halafu anakaa, anaegemea ukuta na kutulinda. Hatukumshukuru. Tuliona dada anapenda kulinda, kama watu wengine wanavyopenda ngozi ya kuku.

Mchana mmoja, siku chache kabla shule hazijafunguliwa, tulikuwa tumefika langoni. Safari yetu nzima ilikuwa ya kushuka ukingo wa uwanda hadi Bonde la Rukwa kurudisha ngoma iliyoibiwa, na pale langoni lilisimama jitu ambalo Deo alikuwa ametutisha nalo tangu Krismasi. Lilikuwa na rundo la maharage, kama la mboga ya familia. Tulikuwa tumelipunguza mpaka linahesabika. Skola alitoka chumbani kwa mama na beseni, akaenda kumwaga nje, akarudi kukaa. Kikombeni mwake ilibaki punje moja, maana yeye hakuwahi kulindwa apumzike. Aliitazama.

"Leo napumzika mimi," akasema. "Nani ananilinda?"

Ozwald akasema, "Aa, dada, ngoja kwanza. Hili nalimaliza sasa hivi." Mimi niliangalia maharage ya jitu, nikaangalia yangu, nikatikisa kikombe changu. Deo, aliyekuwa mkali wa kanuni kuliko padri, akasema bila mlinzi hakuna kupumzika, ndiyo sheria. Skola aliweka kikombe chini taratibu, akakaa hivyohivyo, viganja vimelala mapajani.

Hatukuwa tumesikia pikipiki ya baba kwa sababu ya mvua. Baba alikuwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua linachuruzika. Alikuwa bwana mifugo, mtu wa Mbeya aliyeletwa Sumbawanga na kazi akaoa hapahapa, na siku hiyo alikuwa anatoka Kasense kuchanja ng'ombe. Kwa kawaida akifika tunasema shikamoo, anasema marahaba huku anapita, na mpaka chakula hatumwoni. Siku hiyo alibaki pale.

"Deo," akasema, "anayelinda anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, baba. Anapoteza zamu yake tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenzake apate nguvu."

Baba akavua buti zake zenye tope, akaziacha mlangoni, akaja na soksi kukaa sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Basi nalinda mimi," akasema.

"Baba, wewe huna mpiganaji."

"Nipe."

Deo akampa kikombe na punje mpya, zote, kikombe kilichojaa kuliko cha mtu yeyote pale. Na baba akakaa nacho. Zamu yake ilipofika alitikisa kichwa, ikaja nyingine, akatikisa kichwa tena. Mimi nilikuwa karibu kupasuka. Mtu mwenye nguvu zote zile, jitu limebakiza maharage ya kuhesabu, na yeye ameketi tu! Ozwald alimwambia kwa adabu kubwa, "Shikamoo baba, ungepiga mara moja tu." Baba akasema, "Nalinda." Tulishindwa vibaya. Chuma alikufa langoni, Ozwald akafa juu yake huku anaongea, na tulipogeuka tuwatafute wa kuwalaumu, Skola alikuwa amelala kweli, kichwa kwenye ukuta, mdomo wazi. Baba akaweka kidole mdomoni pake, tusimwamshe.

Wiki iliyofuata alimpeleka stendi, Skola akapanda basi la Mbeya na sanduku lake. Nilidhani shangazi fulani angekuja. Hakuja mtu. Kwanza baba alichukua likizo, na ilipoisha akawa anaamka kabla ya jogoo, anamwosha mama, anampikia uji, anamgeuza, anafua nguo zake na kuzianika kwenye kamba inayotazama barabarani, halafu ndiyo anawasha pikipiki. Mchana anapita tena. Alianika vibaya, khanga zimekunjamana, na kila aliyekwenda shambani alizipita.

Sitakuficha, nilimwonea aibu. Bombani wanawake walisema bwana mifugo kahamia jikoni. Shuleni waliniuliza kama baba yangu anasuka pia. Wenzake kazini, watu wa kwao kabisa, walisema wazi kwamba mke amemlisha limbwata, wanaume hawawi vile bure. Habari hiyo ilimfikia mama kitandani. Yeye aliyewafukuza waganga sebuleni kwake akaambiwa ndiye mchawi wa nyumba. Alicheka mpaka plasta ikamuumiza, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia niende nikamsaidie baba kukunjua zile khanga.

Mama alisimama kabla ya Pasaka, akitembea na fimbo. Skola alimaliza kidato cha nne, akaendelea, leo ni mwalimu wa fizikia hukohuko Mbeya. Mchezo ulikwisha Deo aliporudi shuleni, na hatukuwahi kuipata ngoma. Kwa miaka mingi nilipokumbuka siku ile niliikumbuka kama siku ambayo baba, kwa kutojua kanuni, alituharibia vita.

Mama ndiye aliyenieleza mengine, muda mfupi kabla hatujamzika. Mwezi ule ule baba alikuwa amechaguliwa kwenda Morogoro kusoma. Angerudi afisa, na pikipiki ingekuwa imebaki kwa kijana mwingine. Siku aliyokaa nasi sakafuni alikuwa na taarifa hiyo tangu asubuhi, alikuja mbio kwenye mvua kumwambia mama. Hakumwambia siku hiyo. Alimwambia wakati amekwisha kukataa. Hawakumchagua tena, na alistaafu na cheo kilekile, akichanja ng'ombe wa Kasense mpaka mwaka wa mwisho. Mimi niliyedhani hajui kanuni, kumbe ni yeye peke yake aliyezielewa pale, na alikuwa ameuliza mapema itamgharimu nini.

Nimechoka, nakwambia ukweli. Baba sasa miguu yake haimbebi, na kati yetu watoto aliyebaki hapa Sumbawanga mjini ni mimi. Asubuhi namwosha, mchana nakimbia kutoka ofisini kumpa dawa, usiku nasikiliza anavyopumua. Wakati mwingine namnyanyua kwa hasira, halafu naona haya. Jioni ile, baada ya kuyamwaga yale mahindi yaliyoungua, niliingia chumbani kwake na chai bila uji, nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu.

"Baba, ile safari ya Morogoro. Uliijutia?"

Alikunywa funda moja, akanirudishia kikombe.

"Kujuta, sikujuta," akasema. "Nilichoka tu, mwanangu. Nilichoka sana, na hakuna aliyeniuliza." Kisha akanitazama, kutoka usoni mpaka miguuni, kama alivyokuwa akimtazama ng'ombe kabla hajagusa sindano. "Mpigie dada yako simu. Mwambie nimesema mimi, aje akae hapa, wewe ulale."

Nilitaka kubisha kwamba Skola ana kazi, ana watoto. Nikapiga. Hakuuliza hata kuna nini, aliuliza tu basi la asubuhi linaondoka saa ngapi siku hizi. Alifika Ijumaa, akamsalimia baba, akanivua khanga ya jikoni kiunoni akajifunga yeye. Kesho yake niliamka saa nne, jua limejaa chumbani, nasikia wawili hao wanacheka.